Sare Bila Jeshi: Mjadala wa Bukura

Mwanajeshi aliyepofuka, macho yamefungwa kitambaa, ameketi juu ya farasi aliyechoka. Mwenzake aliyepoteza mkono anatembea kwa miguu na kumwongoza farasi kwa hatamu. Chini ni theluji, juu ni anga zito, na nyuma yao wengine wanajikokota. Hiyo ndiyo picha yote. Théodore Géricault aliichora juu ya jiwe mjini Paris mwaka 1818, akaiita "Kurudi kutoka Urusi", miaka sita baada ya jeshi la Napoleon kuangamia njiani likitoka Moscow. Wanahistoria wa sanaa huihesabu miongoni mwa chapa za kwanza kubwa za Ulimbwende (Romanticism) wa Ufaransa, na miongoni mwa kazi za mwanzo zilizoonyesha kwamba uchapaji wa jiwe, uliokuwa bado mchanga, ungeweza kufanya kazi nzito.

Nakala yake ilipofika Bukura, kaunti ya Kakamega, mahali panapojulikana zaidi kwa chuo chake cha kilimo, ilizua ubishi ambao nimeona haya kuuacha upotee. Nimeupanga hapa kwa mtindo wa mjadala wa shule zetu. Hoja ni hii: umbo la chapa hii linasema mengi kuliko kisa chake. Sauti ni nne, na badala ya majina nimezipa kazi. Mwalimu anafundisha sanaa katika shule ya upili, naye ndiye mtoa hoja. Sajini ni mstaafu wa jeshi, na anapinga. Daktari ni mtaalamu wa mifugo. Mchapaji ni msichana anayechapa tishati na mabango ya mazishi, ya harusi na ya kampeni. Mimi nimekaa kitini pa mwenyekiti, lakini msinitegemee nisiegemee upande.

MWALIMU: Naanza na sare, kwa kuwa ndiyo inayotudanganya kwamba tunaijua picha hii. Kazi ya sare ni kufananisha watu. Katika siku za Napoleon kulikuwa na picha nyingi za sare: kila kikosi na ukurasa wake, mwanajeshi mmoja amesimama wima, vifungo unaweza kuvihesabu, rangi zimepakwa kwa mkono. Carle Vernet, aliyewahi kumfundisha Géricault, alichora za namna hiyo kwa ajili ya kanuni rasmi za mavazi ya jeshi za mwaka 1812. Ukizitazama, jicho lako linaanzia kofiani, linashuka hadi viatuni, halafu limemaliza kazi. Aliyemo ndani angeweza kuwa mtu yeyote. Sasa itazame hii ya 1818. Sare bado ipo, unatambua huyu ni wa kikosi kipi na yule ni wa kipi, lakini haiwafananishi tena. Mmoja amekosa macho, mwingine amekosa mkono. Kila mmoja amepoteza kitu chake.

SAJINI: Mwalimu, ninakuheshimu, lakini umeingia kwa mlango usio wetu. Sare haiwafananishi wanajeshi machoni pa wanajeshi wenyewe. Inawafananisha machoni pako wewe raia. Tukiwa ndani yake tunajuana hata gizani, kwa mwendo, kwa kikohozi, kwa namna mtu anavyoweka mzigo begani. Kwa hiyo unaposema msanii ameivunja sare, mimi nasema amechora tu kile ambacho kila mwanajeshi hukiona kila siku. Si ufundi wa umbo huo. Ni ukweli wa kisa.

MWALIMU: Na ukweli huo amekufikishia kwa njia gani, Mzee? Kwa hotuba?

SAJINI: Kwa picha. Sikatai. Lakini mtu akiniletea barua ya msiba, sianzi kusifu mwandiko.

Jibu hilo la Sajini ni zito, na Mwalimu hakulipatia dawa papo hapo. Aliyetusaidia kutoka hapo si mjuzi wa sanaa. Ni Mchapaji, ambaye alikuwa ameinama juu ya nakala akiitazama kwa kioo cha kukuzia, kimya kwa muda mrefu.

MCHAPAJI: Mzee, samahani, niruhusu niseme kuhusu huo mwandiko. Mimi nachapa kwa skrini, yeye alichapa kwa jiwe, lakini dhiki zetu ni ndugu. Jiwe lenyewe ni la chokaa, laini, lilichimbwa Solnhofen huko Bavaria. Aligundua njia hiyo Alois Senefelder, mwishoni mwa miaka ya 1790, alipokuwa akitafuta namna rahisi ya kuchapa tamthilia zake mwenyewe. Jiwe linasuguliwa kwa mchanga na maji mpaka uso wake uwe na chembechembe. Msanii anachora juu yake kwa kalamu ya nta, sabuni na masizi. Kisha linapakwa gamu arabika yenye asidi kidogo, linaloweshwa, halafu wino unapitishwa kwa rola. Maji na mafuta havipatani: palipo na mchoro wino unashika, palipo na maji wino unakataa. Kila nakala, jiwe linaloweshwa upya na kupakwa wino upya.

SAJINI: Na hilo linahusu nini na hawa wagonjwa?

MCHAPAJI: Linahusu kila kitu, Mzee. Chembe za jiwe ndizo zinazoamua picha itakuwaje. Kalamu inagusa vilele vya zile chembe tu, mabonde yake yanabaki meupe. Ukikandamiza, weusi unaongezeka. Ukilegeza mkono, unabaki na kijivu kinachopumua. Hakuna mstari uliochongwa kama kwenye bamba la shaba. Sasa angalia: koti la mwanajeshi limeumbwa kwa chembe hizo hizo. Manyoya ya farasi, chembe hizo hizo. Kitambaa cha machoni, ngozi ya uso, anga, vilevile. Hakuna kinachong'aa. Zile picha za sare alizozitaja Mwalimu huishi kwa mng'ao wa vifungo na chuma. Hapa jiwe limeula mng'ao wote. Mtu, nguo na mnyama wameumbwa kwa vumbi moja.

MWALIMU: Asante, binti yangu. Umeitetea hoja kuliko mimi.

MCHAPAJI: Sijamaliza, Mwalimu, na sina hakika kama nakutetea. Kuna jiwe la pili. Chapa hii ina rangi mbili: weusi, na hudhurungi nyepesi inayotandazwa kama wingu juu ya karatasi nzima. Rangi mbili ni mawe mawili, kama vile kwangu rangi mbili ni skrini mbili, na lazima zilingane, la sivyo picha inaota kivuli cha kijinga pembeni. Kwenye jiwe la hudhurungi msanii ameacha sehemu bila wino, ili weupe wa karatasi yenyewe uchomoze. Weupe huo ndio theluji na ndio mwanga unaowagusa watu hawa. Theluji hakuichora. Ameikataza rangi isifike pale. Wateja wangu wengi wanadhani nyeupe ni rangi unayoongeza, na kwenye tishati nyeusi ni kweli. Kwake nyeupe ni kile kilichobaki baada ya kila kitu kingine kuwekwa. Hapo ndipo niliposikia baridi.

Niongeze jambo dogo ambalo Mchapaji alilipitia haraka. Picha ya jiwe hutoka kinyume kwenye karatasi: kilicho kulia kinakwenda kushoto. Kwa hiyo, ili mwanajeshi akose mkono alioutaka msanii, ilimbidi aufute ule wa upande mwingine juu ya jiwe. Alimkata mtu mkono huku akifikiri kwa kioo. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa jazba, hata kama anayeifanya ana jazba tele. Hili ni muhimu kwa wanaodhani wasanii wa Ulimbwende walikuwa watu wa kumwaga hisia tu.

Kuhusu gamu arabika, nitauchepusha mjadala kidogo. Utomvu huo ni wa mgunga. Sisi Kenya tunaupata Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit na kwingineko kaskazini. Wafaransa wa wakati ule waliupata zaidi Senegal, ambako biashara yake katika mto Senegal ilikuwa kubwa. Na ilikuwa njiani kwenda Senegal, Julai 1816, ndipo merikebu Méduse ilipokwama pwani ya Mauritania na kuwaacha watu zaidi ya 140 juu ya chelezo. Géricault alianza kuichora ajali hiyo mwaka huohuo wa 1818, na mchoro wake mkubwa ukaonyeshwa Paris mwaka 1819. Afrika ilikuwa ndani ya karakana yake kuliko wasomaji wengi wa vitabu vya sanaa wanavyoambiwa.

DAKTARI: Sasa mnisikilize mimi. Nyinyi wote mmeanza na watu. Mimi niliona farasi kwanza, na watu baadaye. Huku kwetu hatuna farasi, tuna ng'ombe na punda, lakini mnyama anayeumia husema lugha moja. Huyu ameshusha kichwa. Mnyama mwenye nguvu hubeba kichwa chake mwenyewe. Anapokishusha akiwa anatembea, ujue shingo haisaidii tena mwendo, mwili wote unajivuta. Sikuhitaji kusoma maandishi ya chini kujua kwamba huyu hatafika mbali.

MWALIMU: Na hilo si umbo, Daktari? Mstari wa shingo unaoshuka ndio unaoshusha picha nzima.

DAKTARI: Ni umbo kwako. Kwangu ni dalili. Naomba usininyang'anye dalili yangu kwa kuipa jina la sanaa. Huyu msanii aliwajua farasi. Alichora farasi katika mazizi ya kifalme Versailles, alipanda farasi maisha yake yote, na kuanguka kutoka farasini kulichangia kifo chake akiwa na miaka 32, Januari 1824. Mkono unaojua maungo ya mnyama ndio uliochora shingo hii. Jeshi la 1812 liliingia Urusi na farasi zaidi ya laki moja na nusu. Wengi walikufa wiki za kwanza tu, kiangazi, kabla ya theluji, kwa sababu walilishwa nafaka mbichi na majani mabichi yaliyowavuruga matumbo. Waliobaki wakakutana na barafu bila vyuma vya kwatoni vyenye meno ya kushika barafu. Waliteleza, wakavunjika miguu, wakaliwa. Na farasi wa askari wenye vifua vya chuma, kama huyu kipofu, walikuwa wakubwa kuliko wote, kwa kuwa walibeba mtu pamoja na chuma chake. Mnyama mkubwa huhitaji chakula kingi. Ndiye anayekonda wa kwanza.

MCHAPAJI: Kwa hiyo unasema picha ni nzuri kwa sababu ni sahihi?

DAKTARI: Nasema umbo halikuanguka kutoka mbinguni. Limetoka kwenye zizi.

Naungana na Daktari hapa kuliko Mwalimu alivyopenda. Katika masomo yetu ya sanaa tumezoea kulitenga umbo na ujuzi wa vitu, tukiwafundisha watoto kwamba mstari unaoshuka huleta huzuni, mstari unaopanda huleta furaha, basi. Mstari wa shingo ya farasi huyu hauleti huzuni kwa sababu unashuka. Unaleta huzuni kwa sababu umeshuka pale hasa ambapo shingo ya mnyama aliyeishiwa hushuka, na mtu aliyewahi kuswaga ng'ombe mgonjwa kutoka malishoni ataukubali kabla hajajua jina la mchoraji.

Lakini Daktari anaacha kitu. Ujuzi wa farasi Géricault alikuwa nao tangu zamani. Mwaka 1812, wakati jeshi likiangamia kule, alionyesha Paris mchoro wa rangi wa ofisa wa kikosi cha farasi akishambulia: farasi ameinuka kwa miguu ya nyuma, ofisa amegeuka na upanga wake, tandiko ni ngozi ya chui. Mwaka 1814 akaonyesha askari mwenye kifua cha chuma, amejeruhiwa, anashuka mteremko akimvuta farasi wake atoke vitani. Na 1818, chapa hii. Mkono ni uleule, farasi ni walewale, sare ni zilezile. Kilichobadilika ni namna ya kuzipanga. Hapo ndipo nilipompa Mwalimu nafasi tena.

MWALIMU: Nashukuru, Mwenyekiti. Tazameni karatasi imesimama, haikulala. Jeshi linalorudi ni kitu kirefu cha kulala, msafara wa maili nyingi. Mchoraji wa kawaida angelaza karatasi na kuupanga msafara kutoka ukingo hadi ukingo. Huyu ameisimamisha, akakata msafara pande zote mbili, akabaki na watu wawili na farasi mmoja wakiijaza nafasi ya mbele. Halafu angalieni alivyowaunganisha. Mwenye miguu ya kutembea na macho ya kuona njia hana mkono mmoja. Aliye juu ya farasi hana macho. Farasi ana mgongo lakini hana nguvu. Ukifuata mpaka wa weusi wao kwa kidole, huwezi kutoa mmoja bila kuwaangusha wengine. Wale waliofananishwa na sare wamekuwa mwili mmoja kwa sababu ya kasoro zao. Kisa hakiwezi kusema hivyo. Kisa kitasema: walikuwa wawili, wakasaidiana. Umbo linasema: si wawili tena.

SAJINI: Maneno mazuri. Sasa nami niulize swali la kijeshi. Huyu Géricault alikuwa wapi mwaka 1812?

Nilijua swali hilo lingekuja, na jibu lake ni chungu. Alikuwa Paris. Mwaka 1811 jina lake lilipotoka katika orodha ya kuandikishwa jeshini, baba yake alilipa mtu mwingine aende badala yake, jambo lililoruhusiwa na sheria ya Ufaransa kwa wenye uwezo. Baadaye, 1814, alijiunga na kikosi cha farasi cha mfalme aliyerudishwa madarakani, akavaa sare ya fahari, na Machi 1815 akamsindikiza mfalme huyo akikimbia Napoleon aliporejea. Theluji ya Urusi hakuiona.

SAJINI: Basi. Kuna mtu alilipwa avae sare badala yake. Labda ndiye huyu kipofu. Labda ndiye huyu asiye na mkono. Na nyinyi mnakaa hapa kusifu chembe za jiwe.

MCHAPAJI: Mzee, waliokuwepo wangechora kwa vidole gani? Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi.

SAJINI: Usinijibu kwa huruma, binti yangu. Najua hawakuweza. Nasema deni lipo, na deni halilipwi kwa kuchora vizuri.

MWALIMU: Lakini linaweza kukubaliwa kwa kuchora vizuri. Tazama nani hayupo katika picha. Napoleon aliliacha jeshi lake tarehe 5 Desemba 1812, akapanda gari la theluji, akakimbilia Paris. Hapa hayupo. Hakuna bendera, hakuna ofisa anayeelekeza kidole, hata adui hayupo. Mwaka 1818 Napoleon yuko kifungoni kisiwa cha Saint Helena, mfalme yuko Paris, maofisa wa zamani wanaishi kwa nusu mshahara, na picha za wanajeshi wake ni jambo la hatari na la biashara kwa pamoja. Wachoraji kama Charlet waliwafanya kuwa mashujaa wa kuchekesha na kuliza. Huyu amewaachia njia tu.

SAJINI: Hapo tumekutana. Kamanda hayupo kwa sababu kweli hakuwepo. Hilo nalipenda. Lakini mimi siliiti umbo. Naliita haki.

Katika mjadala wote hakuna kauli niliyoishika kama hiyo. Naamini Sajini aliipinga hoja kwa kuithibitisha. Kumtoa kamanda katika picha ni uamuzi wa umbo: ni nafasi iliyoachwa, kama ule weupe ulioachwa kwenye jiwe la pili. Na ni haki papo hapo. Hata Mhispania Goya, aliyekuwa akichonga mabamba yake kuhusu vita vya Uhispania kati ya 1810 na 1820, ambayo 80 yalichapishwa 1863 yeye akiwa amekwishakufa, alitumia ujanja wa jamii hiyo: katika bamba moja watu wanapigwa risasi, na wauaji hawaonekani kabisa, ni ncha za bunduki tu zinazoingia kutoka ukingoni. Hapo Goya alizifuta sare za Wafaransa. Géricault alizibakiza na kuzifanya zisitawale. Ni njia mbili, na sioni haja ya kuchagua.

Sajini hakutaka kubaki Uhispania.

SAJINI: Niwarudishe nyumbani. Mmeiona Sanamu ya Askari pale Kenyatta Avenue, Nairobi. Iliwekwa 1928, kazi ya Mwingereza, James Alexander Stevenson. Watu watatu wa shaba. Wamesimama sawasawa, hakuna anayechechemea, hakuna aliyefungwa kitambaa. Mmoja wao anawakilisha wapagazi. Sasa, kutoka huku kwetu, Magharibi na Nyanza, walichukuliwa maelfu kwa maelfu kubeba mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, kupigana na Wajerumani Tanganyika. Machifu waliagizwa watoe vijana, vijana wakatolewa. Hawakupewa sare kama askari. Walipewa blanketi na kibati chenye nambari. Wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na chakula wasichokizoea. Hata huko Urusi najua ni hivyohivyo, homa ya chawa na njaa viliua kuliko mizinga. Lakini yule wa Urusi alipata Géricault. Huyu wa kwetu alipata shaba iliyosimama wima. Sasa niambieni, watetezi wa umbo: kwa nini?

Kimya kilichofuata kilikuwa cha haki. Mwalimu alijaribu kusema kwamba sanamu na chapa ni aina mbili tofauti, kwamba sanamu ya serikali lazima isimame. Ni kweli, lakini halikuwa jibu, naye alilijua hilo.

MCHAPAJI: Nitajaribu, Mzee, kwa upande wa kazi tu. Sare ilimpa Géricault kitu cha kuharibu. Mtazamaji wa Paris alijua koti lile linapaswa kuonekana vipi likiwa safi, kwa hiyo kila mkunjo ulimwambia kitu. Mpagazi hana kitu cha kuharibiwa machoni pa mtazamaji. Ukimchora na blanketi, watu watasema ni maskini, wapite. Ndiyo maana picha yake ni ngumu. Si kwamba haiwezekani.

MWALIMU: Kibati! Kibati ndicho sare yake. Ni sare iliyopunguzwa hadi ikabaki nambari peke yake. Chora kibati.

DAKTARI: Na uzito. Mzigo ulikuwa ratili 50 au zaidi, kilo 23 kwenda juu, siku baada ya siku. Usiuchore kwenye mzigo. Mzigo ni sanduku tu. Uchore shingoni na magotini. Kama ungekuwa wangu, ningekupeleka siku ya soko ukae uwatazame akina mama wanaobeba magunia, ujue shingo hufanya nini kabla ya kichwa kuinama.

SAJINI: Na nambari mtaiandika ipi? Mkiandika moja kwenye nakala zote, mtakuwa mmefanya kile kile Waingereza walifanya. Watu wote, kibati kimoja.

MCHAPAJI: Kwa hiyo sitaichapa. Kibati nitakiacha bila wino, kama theluji ile. Kisha kila nakala ikitoka, nambari nitaigonga kwa mkono, tofauti kwa kila karatasi. Hakutakuwa na nakala mbili zinazofanana.

Mwalimu alisimama kabisa kwa furaha, kwa kuwa hoja yake ilikuwa imepata miguu asiyoitarajia: chapa ni kazi ya kufananisha, kama sare, na huyu binti alikuwa amepata mahali pa kuivunjia ndani ya uchapaji wenyewe. Sajini hakusimama. Alisema nambari si jina. Mchapaji akamjibu kwamba majina ya wengi hayakuandikwa popote, na yeye hatabuni majina ya watu waliokufa. Sajini alilikubali hilo bila kulipenda.

Waligombana mwisho kuhusu karatasi. Mwalimu aliitaka isimame, kama ya Géricault: mpagazi mmoja, au wawili, wakiijaza nafasi ya mbele. Sajini aliitaka ilale. Wapagazi, alisema, walitembea kwa mstari mmoja kwenye vijia vya msituni, mmoja nyuma ya mwingine, na mtu alichokiona siku nzima ni kisogo cha mwenzake na mzigo wake. Mwanajeshi kipofu yule alikuwa na mtu wa kumshikia hatamu. Mpagazi akianguka, mzigo ulihamishiwa kwa mwingine na mstari ukaendelea. Ukimsimamisha peke yake katikati ya karatasi, utakuwa umempa utulivu ambao hakuupata.

Kwa kura, hoja ya Mwalimu ilishinda: watatu kwa mmoja, nami nikiwa miongoni mwa watatu, Daktari akijizuia. Lakini kuhusu karatasi nasimama na Sajini. Umbo la Géricault ni jibu la msiba wa watu waliobaki wawili wawili. Msiba wa wapagazi wetu ulikuwa wa mstari usiokatika, na unadai karatasi ndefu kuliko fremu yoyote aliyo nayo Mchapaji kwa sasa. Ameanza kuulizia bei ya mbao za kutengeneza fremu ya mita mbili.